Jino moja, milimita tatu: kisa cha Karl Schmidt na nyoka wa mtini

Alasiri ya tarehe 25 Septemba 1957, katika makumbusho ya historia ya asili ya Chicago, nyoka mchanga wa kama sentimita 76 alikuwa akipitishwa mkono kwa mkono. Alitumwa pale na Marlin Perkins, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park, aliyetaka kujua jambo moja: ni nyoka gani huyu kutoka Afrika? Wa kujibu alikuwa Karl Patterson Schmidt, mzee wa miaka 67, aliyestaafu miaka miwili nyuma baada ya kuongoza idara nzima ya wanyama hapo makumbusho. Schmidt alimpokea nyoka kutoka kwa mwenzake Robert Inger bila kujihadhari, kama alivyokiri mwenyewe kwa maandishi, na papo hapo akaumwa kwenye nyama ya pembeni ya kidole gumba cha mkono wa kushoto. Nyoka alipanua kinywa na kuuma kwa meno ya nyuma peke yake. Jino la kulia ndilo pekee lililozama lote, na hilo "lote" lilikuwa milimita tatu.

Saa 24 hazikutimia vizuri, mzee akawa marehemu.

Kisa hiki husimuliwa sana, na kwa kawaida hupambwa: mwanasayansi shujaa aliyeketi akiandika kifo chake mwenyewe hatua kwa hatua, akamkataa daktari ili asiharibu utafiti. Ni hadithi tamu, na ndiyo maana imesafiri. Lakini maelezo aliyoyaacha, ambayo rafiki yake Clifford Pope aliyachapisha mwaka 1958, ukiyasoma kwa utulivu ni ya mtu aliyeamini kwamba anapona. Aliyaandika ili ayasome tena wiki ijayo. Kwangu mimi hapo ndipo kisa kilipo: mtu mwenye ujuzi kuliko karibu wote duniani alifikaje kuamini hivyo?

Gamba moja lililoharibu hesabu

Watu waliokuwa chumbani mle hawakuwa wageni wa nyoka. Waliona kichwa kifupi, kinene, mfano wa yai. Waliona magamba yenye mkuku, yaani kila gamba lina mwinuko mwembamba katikati kama mkuku wa jahazi, na safu za magamba hayo zimelala mshazari badala ya kunyooka kufuata mwili. Waliona rangi angavu. Dalili zote hizo zilielekea kwa nyoka mmoja, yule ambaye Makaburu wa Afrika Kusini walimpa jina boomslang, yaani nyoka wa mti, na wataalamu humwita Dispholidus typus. Jina la boomslang lilitajwa pale pale, na Schmidt aliandika hivyo.

Ila palikuwa na gamba moja. Chini ya mkia, pale tumbo linapoishia, nyoka ana gamba linalofunika tundu la haja. Kwa aina fulani za nyoka gamba hilo ni zima. Kwa nyingine limegawanyika vipande viwili. Ni alama inayopendwa sana na watu wa makumbusho, kwa sababu haififii hata nyoka akikaa miaka 50 ndani ya chupa ya pombe. Boomslang, kwa mujibu wa vitabu, gamba lake limegawanyika. La huyu lilikuwa zima. Mjadala ukakatika hapo bila jibu.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, fikiria namna utambuzi unavyofanywa. Mtaalamu hufuata mlolongo wa maswali: gamba la mkiani ni zima au limegawanyika? Kama limegawanyika nenda swali la tisa, kama ni zima nenda swali la ishirini. Njia hii ni nzuri mno kwa mnyama wa kawaida wa aina yake. Lakini viumbe havizaliwi kwa kufuata vitabu. Mtoto akizaliwa na vidole sita hakuna anayesema si binadamu. Katika mlolongo wa maswali, hata hivyo, angeweza kupotezwa kwenye swali la kwanza tu. Nyoka wa Perkins alikuwa boomslang mwenye kidole cha sita.

Nisingemlaumu Schmidt kwa kusita. Kusita kulikuwa sahihi. Kilichoharibika ni upande ulioegemewa na shaka. Walikuwa na dalili nne au tano za nyoka aliyekwisha kuripotiwa Afrika Kusini kuwa hatari, na dalili moja ya kupinga. Wangeweza kumrudisha mfukoni na kuendelea kubishana. Wakaendelea kubishana huku wamemshika.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hulipita. Schmidt aliwafahamu nyoka wa Afrika vizuri sana, ila aliwafahamu wakiwa wafu. Akiwa kijana katika makumbusho ya New York ndiye aliyepewa kazi ya kuchambua wanyama watambaao waliokusanywa na Herbert Lang na James Chapin huko Kongo kati ya 1909 na 1915, katika maeneo kama Medje, Niangara na Faradje. Sehemu ya nyoka ilitoka mwaka 1923. Ni kazi ya kuheshimika hadi leo. Lakini nyoka wa chupani ni mwalimu wa upande mmoja. Rangi ya kijani huyeyuka kwenye pombe, nyoka akageuka buluu au kijivu. Shingo yake haivimbi. Hageuki ghafla mkononi. Anakupa hesabu ya magamba bila makosa na hakuambii chochote kuhusu kasi yake. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu alikuwa ameshika maelfu ya nyoka kiasi kwamba hata nyoka mzima hakumshtua.

Usiku wa Homewood

Alinyonya kidonda, kama watu walivyofanya zama hizo, akapanda treni ya jioni kurudi kwake Homewood, kusini mwa jiji. Kuanzia saa 10:30 alasiri alisikia kichefuchefu kikali bila kutapika. Saa 11:30 hadi saa 12:30 jioni alitetemeka kwa baridi, kisha homa ikapanda hadi nyuzi 38.7. Wakati huo huo fizi zilianza kutoa damu. Saa 2:30 usiku akala vipande viwili vya mkate uliolowekwa kwenye maziwa, akalala saa 3, na akaandika kwamba alilala vizuri. Saa 6:20 usiku aliamka kukojoa: mkojo mdogo, karibu wote damu. Saa 10:30 alfajiri alikunywa glasi ya maji, akatapika kwa nguvu, chakula cha jioni kikatoka kama kilivyoingia. Akajisikia nafuu, akalala tena.

Asubuhi ya tarehe 26, saa 12:30, joto la mwili lilikuwa limerudi kawaida. Akanywa chai kamili ya asubuhi: nafaka, mayai juu ya mkate, tufaha zilizopondwa na kahawa. Mkojo hakuwa nao, badala yake damu kidogo kila baada ya saa tatu hivi. Mdomo na pua viliendelea kutoka damu, akaandika, ila si kupita kiasi. Akapiga simu makumbusho kusema anaendelea vizuri na kesho yake anategemea kurudi kazini. Mchana, kama saa 7:30 baada ya kula, alitapika, akamwita mkewe, kisha akawa haitiki. Hospitali ilimtangaza amekufa saa 9 alasiri. Uchunguzi wa maiti ulikuta damu imevuja ndani ya mapafu, figo, moyo na ubongo.

Soma tena ile asubuhi. Homa imeshuka, usingizi umekuja, hamu ya kula imerudi. Kwa malaria hizo ni habari njema, na sisi tuliolelewa na malaria ndivyo tunavyosoma mwili: homa ikishuka tunashukuru. Kwa sumu hii homa haina maana yoyote. Kipimo halisi kilikuwa kwenye fizi na kwenye choo, na hicho kilikuwa kikizidi kuharibika kila saa.

Sumu ya boomslang haiui kama ya koboko, anayezima pumzi ndani ya saa chache, wala haifanani na ya kifutu, anayevimbisha mguu na kuozesha nyama kiasi kwamba hata mtoto anajua hapa pana jambo. Boomslang hufanya kazi kimyakimya. Kidonda huwa kidogo, uvimbe mdogo, maumivu ya kuvumilika. Sumu yake huziamsha protini za kugandisha damu, hasa protrombini na ile iitwayo faktari ya kumi, ziamke zote kwa pamoja na bila sababu. Mfano wake ni ghala la saruji. Fundi huweka mifuko mikavu ili siku ukuta ukipata ufa achanganye kidogo azibe. Sasa mtu aingie usiku amwage maji kwenye mifuko yote. Saruji itaganda, ndiyo, lakini itaganda ghalani, bure. Kesho yake hata ufa wa unywele hauzibiki. Mwili wa binadamu una nyufa za unywele kila wakati, kwenye fizi, kwenye figo, kwenye mishipa midogo ya ubongo, na kwa kawaida hatuzijui kwa sababu huzibwa kabla hatujazihisi.

Ghala hilo huchukua muda kumalizika. Ndiyo maana mtu anaweza kuumwa asubuhi akala chakula cha mchana na wenzake akicheka. Dalili za kutoka damu zinaweza kuchelewa saa nyingi, wakati mwingine hata siku nzima au zaidi.

Schmidt alikuwa na sababu nyingine tatu za kujipa moyo, na zote zilikuwa imani za kawaida za wakati wake. Ya kwanza, nyoka ni mdogo. Ni kweli, lakini boomslang hutoa sumu kidogo hata akiwa mkubwa, miligramu chache tu, na inatosha kwa sababu ni kali mno. Ya pili, jino moja tu ndilo lililozama. Hiyo nayo haikusaidia. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na mizizi mirefu: nyoka wenye chonge za nyuma walihesabiwa kuwa wa daraja la chini, wanaohitaji kutafuna ndipo wadhuru. Chonge za boomslang hazipo mbali kihivyo. Zipo chini ya jicho, na kinywa chake hupanuka karibu kunyooka, takriban nyuzi 170. Haihitaji kutafuna kidole chako chote.

Imani hii haikufa na Schmidt. Mwaka 1975 mtaalamu mwingine mkubwa, Robert Mertens wa Frankfurt, aliumwa na nyoka wake mwenyewe wa jamii ya Thelotornis, yule mwembamba wa kijivu anayefanana na kijiti kikavu na anayepatikana pia kwenye vichaka vyetu. Sumu ya namna ile ile, chonge za nyuma vile vile. Alifariki baada ya siku 18.

Nyoka mwenyewe, akiwa kwao

Chicago ilimkuta boomslang ugenini. Kwao ni huku: savana yote ya Afrika kusini mwa Sahara, kwenye migunga na miombo, Tabora, Dodoma, Tsavo, na hata mashambani na bustanini palipo na miti. Msitu mnene wa mvua haupendi. Hushinda mtini mchana kutwa akitafuta vinyonga, ambao ndio chakula anachokipenda, pamoja na ndege na mayai yao. Ukisikia minana wanapiga kelele kwa hasira kuzunguka viota vyao na huoni mwewe, tazama matawini kwa makini.

Tatizo la kumtambua huanza na rangi, na hapa nina ugomvi na watu wanaosambaza picha za "nyoka wa kijani hatari". Boomslang dume mara nyingi ni kijani kweli, pengine magamba yake yakiwa na kingo nyeusi. Jike kwa kawaida ni wa kahawia au kijivu cha zeituni. Mtoto ni wa kijivu-kahawia kama kitawi, ana koo la njano na jicho la kijani ya zumaridi linalong'aa mno. Mwenye kutafuta kijani atampita jike na mtoto, halafu atawaua wasio na hatia. Pwani jina ukukwi hubebeshwa karibu kila nyoka mwembamba wa kijani, na walio wengi kati yao hawana madhara yoyote. Bara neno mamba, yule nyoka na si mamba wa mtoni, hufanya kazi hiyo hiyo, hata mahali ambapo mamba wa kijani hajawahi kufika, maana yeye hupenda misitu, minazi na mikorosho ya ukanda wa pwani.

Tazama jicho kabla ya rangi. La boomslang ni kubwa ajabu kwa kichwa kifupi namna ile, kana kwamba aliazima la mnyama mwingine. Mamba ana kichwa kirefu chembamba, mfano wa jeneza, na jicho la wastani, na magamba yake ni laini. Wale wa kijani wasio na sumu nao wana macho makubwa, na hapo ndipo watu hukosea, ila ngozi yao huteleza, magamba ya mgongoni hayana mkuku. Kwa umbali wa mita tano mkuku huuoni mmoja mmoja. Unaona ngozi iliyofifia, isiyometa, kama imekwaruzwa. Na akisumbuliwa, boomslang huvimbisha shingo wima mpaka ngozi ya katikati ya magamba ionekane. Ukiliona hilo umekwisha kuwa karibu mno.

Niseme na hili, kwa haki yake: ni mwoga. Akikuona kwanza huondoka. Wengi wanaoumwa ni watu waliomshika, ama kwa kazi ama kwa ujasiri, na Schmidt ni mmoja wao.

Kama ingekuwa leo, na huku

Mgonjwa anafika zahanati, ameumwa na nyoka wa mtini saa mbili zilizopita, mkono haujavimba, anatembea mwenyewe. Hapo ndipo jiwe la nyoka hupata sifa zake. Linabandikwa, linanyonya damu kidogo, mgonjwa anarudi nyumbani yuko salama, na kama aliyemuuma ni ukukwi wa kawaida sifa za jiwe zinafika hadi kijiji cha tatu. Akiwa boomslang, mgonjwa naye anarudi nyumbani akionekana yuko salama. Kwa saa kadhaa za kwanza hakuna atakayewatofautisha wawili hawa kwa macho.

Kipimo cha kuwatofautisha kinahitaji kijichupa kimoja. Unachukua mililita mbili za damu, unaziweka kwenye kijichupa cha kioo kilicho kipya, kisafi na kikavu, unakiacha kimesimama dakika 20 bila kukigusa, kisha unakiinamisha. Damu ikitiririka kama maji, ghala la saruji limekwisha. Kiwe cha kioo kweli, kwa sababu kwenye plastiki hata damu nzima inaweza kuchelewa kuganda ukadanganyika. Ikiganda, hujamaliza: unarudia baada ya saa kadhaa, na mgonjwa analala hapo hapo wodini, akikaguliwa fizi na mkojo. Kufunga kamba, kuchanja na kunyonya hakusaidii kitu, na kuchanja mtu ambaye damu yake inakaribia kugoma kuganda ni kumfungulia bomba. Sindano za kwenye nyama ziachwe, na dawa za maumivu za jamii ya aspirini na diklofenaki pia.

Dawa ya kuua sumu ipo, lakini si ile ambayo watu huifikiria. Antivenomu ya mchanganyiko inayotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya kifutu, koboko na swila haimgusi boomslang. Yake ni ya peke yake, hutengenezwa Johannesburg kwa kiasi kidogo, na kwa sababu hiyo jina la nyoka kwenye karatasi ya rufaa lina thamani kuliko kawaida. Si lazima mtu amlete nyoka. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali, yenye kichwa na jicho, inatosha kwa mtaalamu, na wala si busara kumfukuza mtini kwa ajili ya ushahidi. Sifa moja kubwa ya dawa hiyo ni kwamba hata ikichelewa siku nzima au mbili bado inaweza kurudisha kuganda kwa damu.

Kutoka ule mkojo wa damu wa saa 6:20 usiku hadi saa 9 alasiri, Schmidt alikuwa na muda wa saa 14 na dakika 40. Mwaka 1957 hakuna ndege ambayo ingeondoka Johannesburg na kufika Chicago ndani ya muda huo, hata kama mtu angepiga simu usiku ule ule. Hakuna aliyepiga, kwa sababu asubuhi alipoulizwa hali mzee alisema anaendelea vizuri.